Jaji Apewe Saa Yake: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania

Mheshimiwa Jaji Mkuu, na Waheshimiwa wajumbe wa Tume ya Utumishi wa Mahakama,

Naomba ruhusa ya kuwaandikia hadharani juu ya jambo ambalo, kwa muda mrefu niliokaa ubavuni mwa hakimu nikiwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo ya mji mmoja wa mwambao, nililiona likitendeka mbele ya macho yangu wiki baada ya wiki, wala sikupata kulisikia likitajwa katika hotuba za Siku ya Sheria, ambako husemwa mengi na mema. Jambo lenyewe ni hili: hakimu anayeharakishwa hapati nafasi ya kuujua moyo wake mwenyewe, na moyo ambao mwenyewe hakuutambua huingia katika hukumu bila ya kubisha hodi, ukajificha humo ndani ya maneno ya sheria, hata asiweze mtu tena kuutoa, awe mrufani, awe wakili wake, au awe jaji wa Mahakama ya Rufani mwenye elimu ya miaka arobaini.

Siandiki haya kwa kuwalaumu waliopambana na mlundikano wa mashauri, kwani pambano lao lilikuwa la haki na matunda yake tumeyaona. Aliyewahi kumtazama mahabusu akipandishwa kizimbani kila baada ya wiki mbili ili aambiwe ya kuwa upelelezi haujakamilika, kisha akashushwa na kurudishwa alikotoka, huku mama yake akikunja tena kanga aliyoitandika kwenye benchi la nje, au aliyewahi kumwona mjane aliyekuja kwa nauli ya kukopa akiambiwa dirishani kwamba jalada la mirathi ya marehemu mumewe halionekani, mtu huyo hana haja ya kufundishwa ubaya wa kuchelewesha haki. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, imeziamuru mahakama zisicheleweshe haki pasipo sababu ya msingi, na sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai imemwekea jaji siku 90 za kutoa hukumu tangu hoja zilipofungwa. Jirani zetu wa Kenya wamejiwekea 60. Yote haya ni ya insafu, na atakayeyapinga simo katika kundi lake.

Lakini tangu zama za Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman, mahakama ilipoweka lengo la kila jaji wa Mahakama Kuu kumaliza mashauri 220 kwa mwaka, na hakimu wa mahakama ya mwanzo 260, idadi imekuwa ndiyo lugha kuu ya kusema kwamba kazi imefanywa, nami naona ni wajibu kuitazama idadi hiyo kwa utuvu. Mwaka una siku 365. Ondoa Jumamosi na Jumapili zake, ondoa likizo ya siku 28, ondoa sikukuu za dini na za taifa, na siku za kazi zitakazobaki hazitazidi sana hizo 220. Muradi wake ni kwamba jaji atakiwa kukamilisha shauri moja kwa kila siku aliyovaa joho, na hakimu wa mwanzo zaidi ya moja. Na siku hiyo ndiyo hiyo hiyo ya kusikiliza mashahidi wa mashauri ambayo hayajakwisha, ya kuamua mapingamizi, ya kusoma majalada ya rufani, ya kusafiri kwenda mikoani kwa vikao vya mauaji, na ya kujibu barua za utawala ambazo hazina mwisho. Saa ya kukaa peke yake na kutaamali haikutajwa popote katika hesabu hii, kwa hiyo huibwa, ama usiku kutoka kwa watoto wake, ama mchana kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Aidha hesabu hii huvihesabu vitu visivyolingana kana kwamba vimelingana. Maombi ya mirathi yasiyo na mpingaji, yanayokwisha baina ya chai ya asubuhi na adhana ya adhuhuri, ni moja. Na kesi ya mauaji yenye mashahidi 15, ramani ya eneo la tukio, taarifa ya daktari na maelezo ya onyo ambayo mshitakiwa asema aliyatoa kwa kipigo, nayo ni moja. Mtumishi apimwaye kwa kipimo cha namna hiyo, hata awe mcha Mungu wa kiasi gani, atashawishika kuyatanguliza mashauri mepesi taarifa ya mwaka inapokaribia kufungwa, na yale mazito, ambayo ndani yake ndimo mlimo na roho za watu, yakabaki kuguswa pale alipokwisha kuchoka.

Ningependa wajumbe wa Tume, ambao baadhi yao huenda hawajakaa siku nzima katika mahakama ya mwanzo, wautazame mkono wa hakimu. Katika mahakama nyingi hakimu mwenyewe ndiye mwandishi wa mwenendo wa shauri. Shahidi husema, naye huandika kwa kalamu, neno kwa neno, na kwa kuwa ulimi una kasi kuliko kalamu, humzuia shahidi kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akamwambia asubiri, akamaliza mstari, kisha akamruhusu aendelee. Na shahidi aliyekuwa karibu kusema jambo zito, akiisha kusimamishwa namna hiyo mara ya tatu, huanza kusema kwa vipande vipande kama anayetoa imla ya barua, na lile lililokuwa likimchemka kifuani likapoa au likageuka sura. Sheria humtaka mwamuzi aangalie hali ya shahidi, kutetemeka kwake na utulivu wake, aone kama uso unakubaliana na maneno. Vipi atauona uso hali macho yake yamo katika karatasi? Mara nyingi sisi wazee wa baraza, tuliokaa bila ya kalamu, ndio tuliomwona shahidi. Hakimu aliyaona maandishi yake tu. Nimefurahi kusikia kwamba mitambo ya kunukuu maneno ya mahakamani imekwisha anza kufungwa katika baadhi ya mahakama zetu, nami naomba Mungu isiishie katika miji mikubwa.

Sasa nieleze kadhia moja niliyoishuhudia kwa karibu. Asubuhi ile orodha iliyobandikwa ubaoni ilikuwa ndefu, na shauri la mwanzo lilikuwa la mtu mzima aliyeshitakiwa kumpiga mama yake mzazi kwa mpini wa jembe kwa ajili ya fedha za mbuzi. Mama alitoa ushahidi mkono wake ukiwa umefungwa kwa kipande cha kaniki, na kila alipoulizwa habari ya pigo alijibu kwa kumwombea mwanawe radhi. Hakimu wetu, ambaye katika maisha yake ya kila siku alikuwa mpole kuliko sisi sote, aliandika mpaka nukta ya mwisho pasipo kuinua uso, lakini mimi niliyekaa karibu naye niliona kwamba kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Akaliahirisha shauri lile, na kabla hajageuza ukurasa karani akaita linalofuata. Akapanda kijana mwembamba aliyeshitakiwa kwa wizi wa nazi. Hakuwa na uhusiano wowote na yule aliyetangulia, hata mtaa wao si mmoja. Lakini sauti iliyomsomea mashitaka ilikuwa ni sauti ile ile iliyotoka kumhoji mtu aliyempiga mama yake, na maswali yalimjia mafupi na makali, na majibu yake yakakatwa kabla hayajafika. Mlalamikaji na shahidi wake walikwisha kusema. Kijana hakuwa na shahidi. Shauri lilikuwa limeiva kumalizwa siku ile ile, na lingekuwa tarakimu moja njema katika taarifa ya mwezi.

Mwenzangu wa upande wa pili, Mungu amrehemu, akainama akamwambia hakimu kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, tunywe maji kidogo." Hakimu akamtazama, akamfahamu, akaiweka kalamu. Tulitoka. Akasimama chini ya mwarobaini ulio nyuma ya jengo, akanywa maji yake wala hakusema neno, na ilipopita kama robo saa akarudi kitini, akaufungua ukurasa ule ule, na swali la kwanza alilomwuliza kijana lilikuwa ni hili ambalo hapo kabla halikupita katika fikira ya mtu: "Mnazi huo aliupanda nani?" Kijana akajibu kwamba uliupanda mkono wa babu yake, na kwamba shamba lile limo katika mirathi isiyogawanywa, na kwamba mlalamikaji ni baba yake mdogo. Jinai ikaondoka, ikabaki daawa ya mirathi, nayo ikaenda mahali pake. Robo saa ile haikuandikwa katika mwenendo wa shauri, wala haimo katika taarifa yoyote iliyopelekwa kwa Hakimu Mfawidhi.

Maji ya kisima yakishakorogwa hayataki dawa, yataka kuachwa, na kila mchotaji anajua hivyo. Mwamuzi naye akishatibuliwa na kadhia moja hana haja ya kuhubiriwa uadilifu, anahitaji muda. Ghadhabu ya hakimu yule juu ya mtu aliyempiga mama yake haikuwa dosari, na ningalimwogopa hakimu ambaye asingeghadhibika. Dosari ingekuwa kuivusha ghadhabu ile kutoka jalada moja mpaka jingine, na kilichoivusha hakikuwa ubaya wa tabia bali ule ufinyu wa nafasi baina ya majalada mawili.

Wazee wetu wa pwani hii walilijua jambo hili kabla ya kuja sheria za Wazungu. Katika hadithi iliyosimuliwa na Abu Bakra, ambayo Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea, Mtume amemkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana ghadhabu. Na wanavyuoni hawakuishia hapo, waliitafuta sababu ya katazo, wakaona ni kule fikira kushughulishwa na jambo jingine, wakaieneza hukumu kwa kila kinachoishughulisha fikira. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj ni tegemeo la madhehebu ya Shafi yaliyo madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao, ameona ni karaha kadhi kuhukumu akiwa na njaa kali au shibe iliyopita kiasi, na katika kila hali inayoiharibu khulka yake. Na katika barua inayonasibishwa na Khalifa Umar kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi aliaswa ajihadhari na kuudhika na kuchoshwa na mahasimu, tena akaambiwa kwamba uamuzi alioutoa jana usimzuie kurejea katika haki aliyoiona leo. Nataka tuangalie kwamba katika yote hayo hakuna aliyemwambia kadhi kuwa hana moyo. Walimchukulia kuwa binadamu mwenye tumbo, usingizi, hamaki na huzuni, ndiyo maana wakamwamuru ainuke kitini.

Wataalamu wa siku hizi nao wamejaribu kulipima jambo hili kwa takwimu. Mwaka 2011 Shai Danziger na wenziwe wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya maamuzi 1,112 ya majaji wa Israeli kuhusu wafungwa walioomba kuachiliwa kabla ya kumaliza vifungo, wakasema kwamba mwanzoni mwa kikao takriban asilimia 65 ya maombi yalikubaliwa, kisha kukubaliwa kukashuka kidogo kidogo hata kukakaribia sifuri, na majaji walipokwisha kula na kupumzika kukapanda tena pale pale. Habari hiyo ilienea duniani upesi, na watu wakapenda kuisimulia kana kwamba uhuru wa mtu umo katika kinywa cha jaji anayetafuna. Lakini wengine walipoichunguza waligundua kwamba maombi hayakupangwa kwa kubahatisha, kwani wafungwa wasio na mawakili aghalabu waliwekwa mwishoni mwa kikao, nao ndio ambao maombi yao hushindwa zaidi hata kukiwa asubuhi. Naona pingamizi hilo ni la haki. Lakini tulitazame tena, maana mimi lilinitia huzuni kuliko uchunguzi wenyewe: yule asiye na wakili, asiye na mtu wa kumpangia maneno, ambaye zaidi ya wote ahitaji jaji mwenye subira ya kumsikiliza, ndiye aliyewekwa katika saa ambayo subira imekwisha. Na kwetu ni nani huitwa mwanzo? Katika mahakama nilizoziona, mashauri yenye mawakili ndiyo yanayotangulizwa, kwa heshima ya taaluma, na yule bibi aliyetoka shamba alfajiri na vielelezo vyake ndani ya mfuko wa plastiki huitwa jua likiwa limekwisha geuka.

Naijua hoja ya kwamba zipo kadhia zisizoweza kungoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 140, imempa anayepinga uchaguzi wa rais siku 7 za kufungua shauri, na Mahakama ya Juu siku 14 za kulisikiliza na kuliamua, kwa sababu nchi isiyojua rais wake ni nani haiwezi kukaa miezi. Lakini tazameni gharama yake. Mwaka 2013 hati ya kiapo yenye mamia ya kurasa iliondolewa shaurini kwa kuwa iliingia nje ya muda, na uamuzi ukatolewa tarehe 30 Machi pasipo sababu zake, ambazo zilifuata Aprili. Mwaka 2017 jaji mmoja wa saba aliugua mashauri yakiendelea; waliobaki sita wakaamua tarehe 1 Septemba, wanne dhidi ya wawili, kuubatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona; na sababu zilizoandikwa kwa ukamilifu zilisomwa tarehe 20 Septemba. Katika siku hizo Jaji Mkuu David Maraga alilazimika kusimama nje ya mahakama na kulalamikia vitisho walivyokuwa wakipata. Mwezi uliofuata dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi, na kesho yake, shauri la kutaka uchaguzi wa marudio uahirishwe lilipoitwa, majaji waliofika walikuwa wawili, hali sheria yataka watano.

Siwahukumu majaji wale, nao walionyesha ushujaa ambao wengi wetu hatutadaiwa kuuonyesha. Ninachouliza ni kuhusu zile siku baina ya uamuzi na sababu zake. Mtu aliyekwisha tangaza mbele ya dunia kwamba ameamua hivi, kisha akaketi kuandika kwa nini, je, bado anatafuta au sasa anatetea? Uandishi wa hukumu, kwa wanaoujua, ndiyo kazi yenyewe ya kuamua. Mara ngapi jaji ameketi kuandika akiwa na yakini kwamba mdai atashinda, akafika ukurasa wa kumi akaona hoja haikubali kuandikika, akaichana na kuanza upya? Siku 14 za uchaguzi ni dharura ya taifa, na taifa limeridhia kuilipia. Haifai dharura hiyo iwe ndiyo desturi ya kila Jumatatu katika kesi ya kiwanja.

Na upande wa moyo, hakuna mahali ulipobanwa zaidi kuliko katika hukumu ya kifo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu yetu chamlazimisha jaji, akishamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia, kutamka kunyongwa, hata kama mauaji ni ya mwanamke aliyepigwa miaka mingi na mwishowe akashika mchi, hata kama ni ya mtu aliyevizia njiani kwa tamaa ya fedha. Kenya, Mahakama yao ya Juu iliuondoa ulazima huo tarehe 14 Desemba 2017. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa kwetu Arusha, tarehe 28 Novemba 2019 iliiambia Tanzania kwamba ulazima huo wakiuka haki ya kuishi. Tangu mwaka 1994 hatujamnyonga mtu, lakini majaji wetu wameendelea kulitamka tamko lile, kisha wakatoka, wakapanda gari, wakaenda nyumbani kula chakula cha jioni.

Mwaka huo huo wa 1994, Jaji James Mwalusanya alikaa Mahakama Kuu ya Dodoma na jambo hilo likamkaa rohoni, naye hakulificha. Aliandika hukumu ndefu yenye hoja baada ya hoja, akasema kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na yenye kudhalilisha, na kwamba yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili, lakini ikaona kwamba Katiba yenyewe, katika ibara ya 30, imeiacha kwa maslahi ya umma, ikaitengua hukumu yake. Wapo wanaomtaja Mwalusanya kuwa jaji aliyeshindwa na hisia zake. Mimi namtaja kuwa ndiye aliyezishinda, kwani alizipa muda, akazipambanua, akaziandika zikawa hoja zinazosomeka, na kwa kuwa zilisomeka, wakubwa wake waliweza kuzikubali nusu na kuzikataa nusu mchana kweupe. Ni hisia iliyoandikwa ndiyo inayojibika. Ile ya hakimu wa shauri la nazi, lau mwenzangu asingeomba maji, ingalijificha ndani ya sentensi moja isemayo kwamba mahakama haikumwamini mshitakiwa, na sentensi hiyo, Mheshimiwa, unajua ulivyo ugumu wa kuing'oa katika rufani.

Limebaki la mzigo wa mwamuzi mwenyewe. Hakimu wa wilaya anayesikiliza kesi za watoto walionajisiwa husikiliza milango ikiwa imefungwa. Mtoto huwekwa karibu naye ili sauti yake isikike, na pengine huuliza katikati ya ushahidi kama atarudishwa nyumbani kwa baba. Hakimu huandika swali hilo, kwa kuwa kila neno huandikwa. Kisha maadili ya kazi yake humzuia kuyasimulia aliyoyasikia, hata kwa mwenziwe wa ndoa, na desturi ya kazi humtaka asionyeshe uso. Kwa hiyo hana pa kuyaweka, na kesho yake orodha ya ubaoni ina kesi nyingine kama ile. Tumezoea kusema juu ya mtu wa namna hiyo kwamba amekomaa, ilhali huenda amekufa ganzi, na ganzi ikikaa kitini ni hatari kuliko hamaki, maana hamaki huonekana. Mwezi Julai mwaka 2024 majaji wa nchi mbalimbali walitoa Azimio la Nauru kuhusu ustawi wa waamuzi, wakasema wazi kwamba msongo katika kazi hii si aibu ya mtu binafsi na kwamba taasisi zina wajibu nao. Na mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe 25 Julai kuwa siku ya kimataifa ya jambo hilo. Sijaisikia siku hiyo ikitajwa katika korido za mahakama ninazozifahamu.

Watakuwapo watakaosema kwamba kumpa jaji saa ni kumpa mlango wa uvivu, na kwamba mahabusu ndiye atakayeilipa saa hiyo. Hofu yao naiheshimu. Lakini hukumu iliyoandikwa kwa haraka haikwishi siku iliposomwa. Huenda rufani, ikatenguliwa kwa kukosa sababu, ikarudishwa isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, na mashahidi wakatafutwa, mmoja amehama, mmoja amefariki. Katika vitabu vya takwimu shauri hilo limehesabiwa kumalizika mara mbili, na mahabusu ndiye aliyekaa ndani mara mbili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, namna ya kuitengeneza hesabu ndiyo ninayoiomba, wala siombi ifutwe. Mashauri yapewe uzito, ili ile kesi ya mauaji isilingane tena na mirathi isiyo na mpingaji. Kila jaji na kila hakimu awe na siku katika wiki ambayo karani haruhusiwi kuipangia shauri, ijulikane kuwa ni siku ya kuandika, na ihesabiwe kuwa ni siku ya kazi. Baina ya kesi nzito na ile inayoifuata liwepo pumziko lililoandikwa katika ratiba, asihitaji hakimu kungoja mzee mwenye hekima amwombe maji. Wasio na mawakili wasiwe wa mwisho kila siku. Chuo cha Uongozi wa Mahakama cha Lushoto, ambacho kimewalea watumishi wengi wa mahakama zetu, kipewe somo la namna mwamuzi anavyoweza kuitambua ghadhabu yake na huruma yake kabla hazijashika kalamu, na wafundishaji wawe majaji wastaafu watakaosema kwa ndimi zao yaliyowapata. Na wale wanaosikiliza kesi za watoto na za mauaji wawe na mtu mwenye ujuzi, aliyeapishwa kutunza siri, wa kumwendea, pasipo kuandikwa popote kwamba wamemwendea.

Itakapofika Siku ya Sheria ijayo, utakaposimama kulisomea taifa idadi ya mashauri yaliyofunguliwa na yaliyomalizika, nakusihi uongeze safu moja katika jedwali lile: siku ambazo majaji na mahakimu wa nchi hii walipewa, katika mwaka mzima, za kukaa na kuandika.

Wasalaam, nami ni mtiifu wako,

Mzee wa baraza mstaafu